Kisiwa chenye Maji Mawili

Mtu anayekwenda Rusinga kwa mara ya kwanza hutarajia kupanda boti. Akifika Mbita na kuambiwa kwamba lile daraja fupi alilolivuka sasa hivi ndilo lililomwingiza kisiwani, huona kama amepunjwa. Nimewapeleka wageni wengi kutoka Kisumu, na karibu wote husema neno lile lile: "Kumbe ni hapa tu?" Siku hizi huwaomba washuke garini kabla hawajaanza kulalamika, wasimame katikati ya daraja na kutazama pande zote mbili. Mashariki ni Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa unaoingia bara hadi Kisumu: maji ya kahawia, ya uvuguvugu, yasiyo na kina kikubwa. Magharibi ndipo ziwa lenyewe linapoanza, maji ya kijani yanayogeuka buluu kadiri unavyotupa macho mbali, na upepo wake hauna wa kuuzuia.

Kisiwa chetu kimekaa mlangoni, kati ya maji hayo mawili. Ghuba ina kilomita za mraba 1,400 hivi, sehemu ndogo sana ya ziwa lenye kilomita za mraba 68,800, lakini ndiyo inayopokea mito ya Nyando, Sondu-Miriu na Kibos, pamoja na kila kinachotiririka kutoka mitaa ya Kisumu. Ya kupumulia ni milango miwili tu. Mlango mkubwa uko kaskazini, kati ya Rusinga na Uyoma. Mlango mdogo ni huu wa Mbita. Nikiulizwa kwetu kumebadilika nini tangu utoto wangu, watu hutegemea nianze na barabara, stima au hoteli. Mimi huanza na mlango mdogo, kwa sababu mengi yaliyotupata, ya samaki, ya miti, hata ya viboko, ama yalipitia pale ama yalikwama pale.

Nilizaliwa upande wa Kaswanga mwishoni mwa miaka ya 1960. Baba alikuwa karani bandarini Kisumu. Sisi watoto tulibaki kisiwani na Mama na Nyanya, tukimfuata mjini wakati wa likizo. Safari ilianza kwa miguu alfajiri hadi mlangoni, halafu mtumbwi, halafu matatu iliyojaa vumbi mpaka Homa Bay, na kutoka hapo meli ya Reli hadi Kisumu. Sehemu fupi kuliko zote ndiyo niliyoiogopa. Mlango ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mtu mwenye koo zuri angeweza kumwita mvushaji kutoka ng'ambo, lakini maji yake yalikuwa na hamaki. Mchana upepo wa ziwa ulipovuma yalisukumwa kuingia ghubani. Usiku upepo wa nchi kavu ulipogeuka yalirudi nje. Mzee aliyekuwa akituvusha hakuwa na saa. Aliweka mkono majini, akatazama majani ya mafunjo yameinamia wapi, kisha akasema, "Kaeni chini, tungoje." Tukangoja.

Mara nyingine tuliwangojea viboko. Palikuwa na kundi lililopenda kulala upande wa ghuba mchana, penye matope, na kuvuka usiku kwenda kula nyasi za pande zote mbili. Wakichelewa kurudi, hakuna mtumbwi ulioingia majini. Nyanya alikuwa na kanuni zake kuhusu wanyama wa maji, na hakuwa akizieleza kama hadithi. Mamba, alisema, anakuwinda, kwa hiyo usichote maji mahali pamoja siku mbili mfululizo. Kiboko hakuwindi, anataka njia yake tu, kwa hiyo ijue njia yake. Kila familia iliyolima karibu na ufuo ilijua vijia vya viboko na kuviacha wazi. Shamba la Nyanya lilikuwa na ukanda usiopandwa kitu, kutoka majini hadi kwenye nyasi za juu, na hakuna mjukuu aliyethubutu kuuliza kwa nini mtama haukujaza pengo lile.

Mnyama niliyempenda mimi ni fisi maji. Asubuhi ungewaona watatu au wanne wakipiga mbizi karibu na miamba, wakitoka na samaki mdomoni, wakimla chali juu ya maji huku wamemshika kwa mikono miwili. Wavuvi waliwalaani kwa sababu walitoboa nyavu na kula kilichonaswa. Kenge nao walizunguka majiko kama kuku. Juu ya mtini kulikuwa na furukombe mmoja kwa kila kipande cha ufuo, na sauti yake ndiyo iliyotuamsha. Mnandi weusi walijaa kwenye kisiwa kidogo cha mawe ambacho watalii sasa wanakiita Kisiwa cha Ndege, mawe yake yamekuwa meupe kwa vinyesi. Mdiria alikuwa kila mahali. Na baada ya mbalamwezi kupotea, usubi ulipanda kutoka ziwani kwa nguzo nyeusi ambazo mgeni angedhani ni moshi wa meli inayowaka. Ukiingia katika wingu hilo mdomo wazi, umekwisha kula.

Ila ukimuuliza mtu wa rika langu kuhusu wanyama wa Rusinga, atakuambia kwanza kuhusu fulu. Walikuwa samaki wadogo, wa urefu wa kidole au kiganja, na tuliwavua sisi watoto kutoka miambani kwa ndoana na kipande cha mnyoo. Walikuwa wa kila rangi: wekundu mgongoni, wa buluu yenye mistari, wa manjano, weusi wenye madoa ya chungwa kwenye pezi la nyuma. Wataalamu baadaye walituambia kwamba ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500, nyingi zao hazipatikani popote pengine duniani, na kwamba kwa uzito walikuwa karibu asilimia 80 ya samaki wote ziwani. Kila aina ilikuwa na kazi yake. Wako waliokwangua ukoga kwenye mawe, waliokula mayai ya wenzao, na waliovunja konokono kwa meno ya kooni. Konokono hao ndio wanaobeba kichocho, ugonjwa ambao ufuo wetu haujaachana nao hadi leo. Nyanya hakuhitaji hayo yote. Aliwapasua, akawaanika juu ya mwamba, na jua likafanya kazi iliyobaki. Hakuhitaji kuni hata moja, na hilo nitalirudia.

Pamoja na fulu kulikuwa na ngege na mbiru wa asili, ningu waliopanda mitoni wakati wa mvua, mumi na kamongo. Nisije nikaeleweka kwamba ziwa lilikuwa halijaguswa. Nyavu za makila zililetwa ghubani mwaka 1905, na kabla sijazaliwa wazee walikuwa tayari wanalalamika kwamba ngege wamepungua. Ngege tunayemla leo hotelini Kisumu si yule wa Nyanya. Ni jamaa yake, ngege wa Nile, aliyepandikizwa katika miaka ya 1950. Yule wa asili ukimtaka, nenda ziwa dogo la Kanyaboli, kule kwenye vinamasi vya Yala, ambako mbuta, yule samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, hakufika.

Na Rusinga yenyewe haikuwa kisiwa siku zote. Hilo tulilijua tukiwa wadogo kwa namna ya ajabu kidogo, kwa sababu tulichunga mbuzi juu ya mifupa ya mawe. Mvua ikinyesha kwenye makorongo ya Kaswanga, meno na vipande vya taya hutokeza ardhini. Wazazi wetu walikuwa wamezoea kuona wazungu wakitambaa kwa magoti juani, wengine wetu waliajiriwa kutambaa nao. Mwaka 1948 mmoja wao, Mary Leakey, aliona jino likichungulia kutoka mlimani, na nyuma yake ukatoka uso wa nyani mkubwa wa kale wa takriban miaka milioni 18. Fuvu lilisafirishwa Uingereza kwa mkopo, likakaa huko hata wenyewe wakaanza kusahau kwamba ni mkopo, likarudi Nairobi mwaka 1982. Aliitwa Proconsul, mwaka 2015 wanasayansi wakampa jina jipya la Ekembo, neno la Kisuba, na nadhani ndiyo mara ya kwanza lugha ya babu zangu kuingia katika majina ya kitaalamu ya dunia. Wakati wake hapakuwa na ziwa. Palikuwa na volkano ya Kisingiri, ambayo vilima vya Gembe na Gwasi ni mabaki yake, na msitu mnene ambao visiki vyake vimegeuka mawe vikiwa vimesimama vilipoota.

Kuna tabaka jingine, la karibu zaidi, ambalo linanistaajabisha kuliko nyani. Ndani yake wamepata mifupa ya choroa na ya punda milia wa Grevy, wanyama ambao leo ukiwataka lazima uende kaskazini, kuelekea Samburu. Wamepata pia jamaa wa nyumbu aliyekuwa na pua yenye uwazi mkubwa ndani, wakamwita Rusingoryx. Maana yake hapa tulipo palikuwa na mbuga kavu, na wanyama walitembea kwa miguu kutoka Rusinga hadi bara. Ziwa lenyewe lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita kabla ya kujaa tena. Nilifundisha jiografia Kisumu kwa miaka mingi, na hakuna somo lililowanyamazisha wanafunzi kama hilo: kwamba ziwa wanaloliona dirishani ni changa, na visiwa vyake ni vya zamu.

Kwa hiyo serikali ilipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kumwaga mawe na udongo katika mlango wa Mbita, ukiipima kwa kipimo cha mifupa ya Kaswanga, ilirudisha tu Rusinga bara. Sisi hatukuipima hivyo. Tulishangilia. Hakuna mama mjamzito aliyetaka tena kungoja kiboko apite. Tuta lilipokamilika, gari la kwanza la soda lilifika kwenye duka la kwetu, na mzee mvushaji akageukia biashara ya mkaa. Sina neno baya kuhusu kuvuka kwa miguu mikavu. Walioandika baadaye kwamba tuta lile lilikuwa kosa tupu hawakuwahi kumbeba mgonjwa usiku hadi ufuoni na kuita mtumbwi usiojibu.

Lakini tuta lilikuwa tuta. Halikuachiwa pengo la kutosha la maji kupita. Mlango mdogo ukafa, na ghuba ikabaki na mlango mmoja. Mwaka wa kwanza hatukuona kitu. Kisha upande wa mashariki maji yakaanza kusimama. Matope yalijikusanya, mafunjo yakasogea mbele, harufu ikabadilika wakati wa kiangazi. Upande wa magharibi, hatua chache tu kuvuka barabara, maji yalibaki safi. Watoto walioga upande mmoja na kufua upande mwingine. Viboko, walionyimwa njia ya maji, wakapanda barabarani. Madereva wa usiku wanasimulia kukutana nao juu ya tuta, wamesimama katikati, hawana haraka.

Miaka hiyo hiyo mbuta akafika kwetu. Nasema akafika, ingawa alitiwa ziwani zamani: upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na Kisumu mwaka 1963. Kwa muda mrefu alikuwa habari tu, samaki mmoja mkubwa aliyenaswa mahali fulani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akalipuka. Nakumbuka Baba alirudi likizo akakuta samaki aliyelingana nami urefu ametundikwa kwenye mti wa uani, na majirani wamekuja kumtazama bila kujua wamle vipi. Nyanya alionja, akatema. Mafuta, alisema, mafuta matupu. Katika miaka michache fulu walikwisha. Ulitupa ndoana kutoka mwamba ule ule, ukaketi asubuhi nzima. Aina mia kadhaa ziliondoka duniani, nyingi bila kupewa jina katika kitabu chochote, na sisi ambao tulizila kwa ugali hatukujua kwamba tunaziaga.

Sitaki kumfanya mbuta shetani. Alijenga nyumba za mabati na kulipa karo, yangu ya chuo ikiwemo. Viwanda vya minofu vilifunguliwa Kisumu na Homa Bay, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na mifupa yenye nyama kidogo ikabaki kwetu, ikakaangwa na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi. Ninachomlaumu kwa hakika ni miti. Fulu alikaushwa na jua. Mbuta ana mafuta mengi mno, haanikiki, lazima afukizwe moshi au akaangwe. Kila bichi ikawa na tanuri za moshi, na kila tanuri ikala mlima. Kilele cha Lunene, ambacho nilikipanda nikiwa mtoto kupitia vichaka vilivyochana shati, kilibaki kichwa cha nyasi na mawe. Mvua ilipokuja iliteremsha udongo mpaka ziwani. Watu husema samaki walibadilika na misitu ikabadilika, kana kwamba ni habari mbili. Kwetu ilikuwa habari moja, na ilipikwa jikoni.

Halafu likaja gugumaji, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Asili yake ni Amerika Kusini, na ua lake ni zuri la zambarau. Mke wangu alipoliona mara ya kwanza kwenye ufuo wa Dunga, Kisumu, alitaka kulipanda nyumbani. Kufikia 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000 upande wa Kenya, karibu zote ndani ya ghuba. Kisumu ilikuwa mji wa bandari usiokuwa na maji. Nilisimama gatini alipofanyia Baba kazi nikaona yangeyange wakitembea mahali ambapo meli zilitia nanga. Kule nyumbani, tuta ndilo lililopokea kila kisiwa cha magugu kilichosukumwa na upepo kutoka mashariki: kilifika pale, kikasimama, kikaoza. Konokono walizaa, nyoka walizaa, mamba akapata pa kujificha. Aliyefurahi ni kamongo, ambaye hapendi kitu kama maji mazito yasiyo na hewa. Vifukusi vya kula gugu hilo vilianza kuachiliwa mwaka 1997, mvua na mawimbi ya El Niño vikasaidia, na ghafla mwaka 1999 maji yakaonekana tena. Likarudi baadaye. Hurudi kila ghuba inapopokea mbolea ya mashamba na uchafu wa mji, na sioni kwa nini lisirudi.

Nilipokuwa nikifundisha, kila mwaka tuliwapeleka wanafunzi Ndere, kisiwa kingine, mwendo wa boti kutoka Kisumu, kilicho na kilomita za mraba 4.2 tu. Kilitangazwa mbuga ya taifa mwaka 1986 na hakina mtu isipokuwa askari wa wanyamapori. Kuna swala pala, punda milia walioletwa, nyani, kenge, na viboko ufuoni. Wanafunzi walirudi wakisema kwamba hicho ndicho kisiwa cha kweli. Niliwaelewa, lakini sikukubaliana nao. Ndere ni rahisi: ukiwaondoa watu, wanyama watabaki. Tanzania wamefanya hivyo kwa ukubwa zaidi huko Rubondo, hata sokwe walipelekwa na kuachiliwa katika miaka ya 1960. Swali gumu ni la Rusinga, ambako kuna maelfu ya watu, na bado usiku kiboko anapita nyuma ya choo cha shule.

Tena udogo wa kisiwa huwavutia watu wenye majaribio. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo na chenye tawi lake Mbita, kilishirikiana na wenzao wa Uholanzi na Uswisi kuweka mtego wa mbu katika kila nyumba ya Rusinga kati ya 2012 na 2015. Mtego ulikuwa na harufu ya kumdanganya mbu adhani kuna mtu, na feni yake iliendeshwa na umeme wa jua. Waliokuwa na mtego walikuwa na malaria kwa asilimia 30 hivi chini ya wale ambao hawajawekewa bado. Shangazi yangu alikuwa na tathmini yake. Paneli ile ya jua ilikuja pia na balbu na waya wa kuchaji simu, na kwake balbu ilikuwa mradi, mtego ulikuwa kodi. Kila walipokuja kumuuliza kama mtego unafanya kazi, aliwaonyesha taa.

Mwaka 2017 daraja likachukua nafasi ya tuta. Walichimbua mawe yaliyomwagwa wakati wa ujana wangu, na maji yakapita tena. Nilikwenda makusudi kuyaona. Yalikuwa yakiingia kwa kasi kutoka magharibi, ya kijani, yakikata mstari ndani ya kahawia ya ghuba, na vijana wa pikipiki walikuwa wamesimama ukingoni wakishangilia kama watu walio mpirani. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa mlango ulipozibwa. Ndani ya miezi michache wavuvi walisema ngege wanaonekana tena karibu na nguzo. Mdiria alihamia hapo mapema kuliko binadamu: chini ya daraja kuna kivuli, kuna mkondo, samaki wanaletwa. Fulu pia wamerudi kiasi, kadiri mbuta alivyopungua kwa kuvuliwa mno. Ni aina chache, nyingi zina rangi ya majivu. Wale wekundu sijawaona. Fisi maji sijamwona tangu nikiwa kijana, ingawa mtu wa kisiwa cha Takawiri ameniapia kwamba kwao wapo.

Miti nayo imerudi kidogo, kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Mbuta wakubwa walipoadimika, tanuri za moshi zikapungua, na omena akashika nafasi. Omena ni mdogo, hukaushwa juani juu ya nyavu kuukuu, kama fulu wa Nyanya. Usiku karabai za zamani za wavuvi wake zimebadilishwa na taa za sola, na ukisimama Kaswanga utaona ziwa lina mji wake.

Kisha mvua za 2019 na 2020. Mei 2020 ziwa lilipita hata kiwango cha 1964, ambacho wazee walikuwa wakikionyesha kwa alama kwenye miamba kama jambo lisiloweza kurudiwa. Kisumu, sehemu ya hifadhi ya swala pala iliyoanzishwa mwaka 1992 ilizama. Rusinga, nyumba zilizojengwa ufuoni baada ya maji kushuka katikati ya miaka ya 2000 ziliingiwa na kamongo chumbani. Shamba la Nyanya lilibaki nusu. Ule ukanda wa viboko ambao hatukuwahi kuupanda ulikwenda wote chini ya maji, na viboko wakafungua njia mpya katikati ya mahindi ya ndugu yangu. Alinipigia simu kwa hasira akitaka niwaite watu wa wanyamapori. Nilimuuliza kama alikuwa ameacha pengo. Akakata simu.

Mtoto wake mkubwa ndiye anayenisumbua sasa. Anataka kuweka vizimba vya samaki. Ameona wenzake Suba na Siaya wakitia vifaranga vya ngege katika vizimba vinavyoelea na kuvuna baada ya miezi minane, na anataka nimsaidie mtaji. Nilimkumbusha mwisho wa 2022, samaki walipokufa kwa matani vizimbani karibu na Kisumu kwa sababu maji ya ghuba yalikosa hewa, na watu wakaamka na mikopo isiyo na samaki. Nilidhani nimemmaliza.

"Baba mkubwa," akasema, "hao waliweka upande wa ndani. Mimi nitaweka huku nje, kupita mwamba wa mnandi, penye kina na maji yanayotembea."

Nikamuuliza nani amemfundisha hayo. Akasema hakuna, anavua pale daraja lilipo kila usiku, na ukiweka mkono majini unajua yametoka wapi. Nimemwambia alete bei ya nyavu, ya madumu ya kuelea na ya chakula, na aandike pia gharama ya mlinzi wa usiku, kwa sababu mwamba ule una mamba.